Nyumba ya Milango Miwili Ganshoren

Mume wangu ndiye aliyeiona nyumba kwanza, akiwa kwenye usukani. Siku moja alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, na kabla hata ya salamu akasema:

"Mama watoto, ile nyumba yangu wanaiuza."

"Nyumba yako ipi?"

"Ile ya Ganshoren. Yenye mlango wa kijani."

Sikuwa nimewahi kusikia habari zake. Kumbe mwenzangu, dereva wa basi la mji, alikuwa akipita mbele ya nyumba ile miaka nenda miaka rudi. Kituo chake kilikuwa karibu na kona, na kila abiria walipokuwa wakipanda na kushuka, yeye alikuwa akiitazama. Alijua mapazia yake. Alijua siku ambazo mwenye nyumba hufagia kizingiti. Hakuniambia kwa sababu, alisema, mtu hamsimulii mkewe habari za nyumba ya watu. Lakini asubuhi ile alikuta bango limetundikwa dirishani, À vendre, yaani inauzwa, na moyo ukamruka kana kwamba wanamuuza ndugu yake.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Saint-Gilles, mtaa mwingine wa Brussels, ghorofa ya tatu, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kama mkate. Mimi ni fundi wa nguo za harusi. Kazi hii nilifunzwa na mama yangu katika mtaa wa Buyenzi, kule Bujumbura, ambako barazani pa nyumba moja unaweza kukuta cherehani kadhaa zinalia kwa pamoja na hakuna anayelalamika. Saint-Gilles mambo yalikuwa mengine. Jirani yetu wa chini alikuwa mama mmoja mwenye kichwa chepesi kuuma. Nikianza tu kushona, naye anaanza kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Nilikunja taulo nikaliweka chini ya cherehani, nikaweka na zulia chini ya taulo, lakini ufagio haukunyamaza.

Maharusi nao walipanda zile ngazi wakitweta, wamefuatana na mama zao na mashangazi zao, wakajaribu nguo chumbani kwetu mbele ya kioo cha kabati. Ilitokea mara nyingi mume wangu akarudi amechoka, akafungua mlango wa chumba, akakuta mashangazi wamejipanga juu ya kitanda chake. Alikuwa akisalimia kwa heshima, anafunga mlango taratibu, kisha anakwenda kukaa kwenye ngazi na gazeti lake. Watoto wetu walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa, kila mmoja na kwake, lakini nyumba haikuwahi kutupwaya hata siku moja. Nguo zilikuwa zimeingia mahali pa watoto.

Alinionyesha tangazo kwenye simu. Liliandikwa kwamba nyumba ni ya mtindo wa géorgien, na kwamba inafaa kwa makazi na biashara pamoja.

"Géorgie?" nikauliza. "Si ile nchi iliyo karibu na Urusi?"

"Ndiyo hiyo hiyo," akajibu, kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kuiona. Ilikuwa mwezi wa tano, jua limetoka, na watu wa Brussels walikuwa wamevaa miwani myeusi kwa furaha ingawa upepo bado ulikuwa na meno. Dalali alitungoja nje. Alikuwa binti wa Kibelgiji, mpole, mwenye suti ya buluu na simu mbili. Mume wangu alimwuliza kuhusu Warusi. Binti akacheka mpaka akashika ukuta.

Akatueleza kwamba hapana, mtindo ule ni wa Uingereza, wa zama ambazo wafalme wa kule walikuwa wakirithiana kiti na jina lile lile, nalo ndilo lililoupa mtindo jina lake. Hapa Ubelgiji nyumba za namna ile ni chache. Aliyeijenga, kwa maneno ya watu wa mtaani, alikuwa mfanyabiashara wa Kiingereza aliyehamia huku, akataka alale na kuamka katika nyumba inayofanana na ya kwao.

"Kumbe na yeye alikuwa mgeni kama sisi," mume wangu akaninong'oneza. "Tofauti ni kwamba yeye alihama na nyumba nzima. Sisi tulihama na masufuria."

Nilirudi nyuma hatua chache nikaitazama vizuri. Matofali mekundu, uso bapa usio na makuu, na madirisha yamepangwa sawasawa kama safu za msikitini, kila moja na vioo vyake vidogo vidogo. Juu ya mlango wa kijani palikuwa na kioo cha nusu mwezi. Pembeni palikuwa na mlango wa pili, mwembamba, wenye kengele yake. Nikauliza ule ni wa nini.

"Wa wagonjwa," akajibu sauti nyingine.

Alikuwa mwenye nyumba, mzee mrefu mwembamba, nywele nyeupe pe, sweta limepasuka kiwikoni. Alikuwa daktari wa meno, aliyestaafu baada ya kufiwa na mkewe, na sasa alikuwa anahamia pwani kwa binti yake. Dalali alikuwa amemsihi atoke nyumbani wateja wanapokuja, maana wenye nyumba wakiwapo wageni huona haya kufungua makabati. Mzee alikataa. Alisema anataka kuona ni nani anakanyaga ngazi zake.

Juu palikuwa na sebule, vyumba vya kulala na jiko lenye dirisha linaloangalia bustani ndogo na mti wa tufaha. Mume wangu alifungua bomba, akafunga bomba, akagonga kuta kwa vidole, akatikisa kichwa kama mtu anayejua alichokisikia. Mimi nilikuwa natembea kwa heshima tu. Moyoni nilikwisha jiambia kwamba tumekuja kutembea, kama watu wanavyokwenda kuangalia bahari bila kuogelea.

Kisha tukashuka chini, kwenye chumba alichokuwa akitibia watu.

Sijui niseme nini kuhusu mwanga wa chumba kile. Madirisha mawili makubwa yalitazama barabara, na jua lilikuwa limeingia lote, limelala sakafuni. Nilinyoosha mkono wangu mbele nikautazama, nikaona kila mstari wa kiganja. Fundi yeyote wa nguo nyeupe atanielewa. Saint-Gilles nilikuwa nashona lesi nyeupe chini ya globu, nikiomba Mungu isije ikaonekana ya manjano mchana.

Katikati ya chumba kilisimama kiti cha wagonjwa, kimekazwa sakafuni kwa boliti, na juu yake taa kubwa yenye mkono mrefu.

"Kiti hiki hakitoki," daktari alisema. "Waliokuja kukichukua walisema itabidi wabomoe sakafu. Atakayenunua nyumba amenunua na kiti."

Mume wangu hakungoja kukaribishwa. Alipanda, akalala chali, akafumba macho. "Mimi nimefika," akasema.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia.

Siku ile nilikuwa na bibi harusi. Alikuwa msichana wa familia ya Lubumbashi, na nguo yake nilikuwa nimeikabidhi jana yake, imepigwa pasi, imekamilika. Ndoa ilikuwa ifungwe alasiri ile kwenye komini ya Ganshoren, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, si mbali na pale tulipokuwa. Aliyepiga simu alikuwa mama yake.

"Maman, tunakufa!" akapiga kelele. "Fermeture ya robe imepasuka yote! Mutoto iko analia, maquillage inashuka. Sasa tutafanya je?"

"Muko wapi?"

"Hapa hapa Ganshoren, kwa shangazi yake. Alors, tukuye kwako Saint-Gilles?"

Nilifikiria barabara za Jumamosi, kwenda Saint-Gilles na kurudi, na ngazi zangu zile. Meya angekuwa amekwisha vua utepe wake wa kufungishia ndoa na kwenda zake nyumbani. Nikamwambia mama asubiri kidogo. Daktari hakujua Kiswahili, lakini alikuwa amesikia robe na fermeture, gauni na zipu, na sauti ya mama ile ilikuwa imejaza chumba. Aliniuliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kifaransa.

"Waambie waje hapa," akasema. "Chumba hiki kimezoea watu wanaolia."

Dalali akashtuka. "Lakini daktari, kuna wateja wengine wanakuja sasa hivi."

"Nao waje."

Walifika kwa gari lililopambwa utepe mweupe kuanzia mbele hadi nyuma. Bibi harusi alikuwa amefungwa kitenge juu ya nguo yake, mgongo wazi, wanja umemtiririka mashavuni. Mama yake, mwenye kilemba cha rangi ya dhahabu, aliingia kwa mlango wa wagonjwa, akaona kiti, akaona taa, akasimama.

"Ee Mungu wangu! Maman, unatuleta kwa dentiste?"

Msichana alicheka huku analia, na mimi nikajua tutafika salama, maana anayeweza kucheka anaweza kusimama wima ashonwe.

Nilikitoa kile kitenge nikatazama. Zipu ilikuwa imeng'oka meno kuanzia kiunoni mpaka juu. Si ya kutengenezeka. Nilipomwambia daktari kwamba meno ya zipu yametoka, uso wake uling'aa kama wa kijana.

"Basi mmekuja mahali penyewe."

Zipu mpya sikuwa nayo, na duka la kuinunua lilikuwa mbali. Nikaamua kuiondoa kabisa, nitie vitanzi pande zote mbili za mgongo, kisha tupitishe utepe katikati na kukaza kama kamba za viatu. Katika mkoba wangu hazikosekani sindano, mkasi na pini. Lakini uzi niliokuwa nao ulikuwa mwembamba, na vitanzi vilitakiwa vibebe mgongo wa msichana mwenye afya njema ambaye angecheza mpaka watu wachoke. Nilijaribu kimoja, nikakivuta, kikakatika.

Daktari alifungua droo akanipa kiboksi kidogo. Ulikuwa uzi wa kusafishia meno, mweupe, uliopakwa nta. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Haukukatika. Nikaupitisha kwenye tundu la sindano, ukaingia kama uliojua njia.

"Baba watoto," nikamwita mume wangu, "nenda kavue utepe wa gari."

"Wa gari la harusi?"

"Mbele uache. Vua wa nyuma."

Akatoka. Nilimwona dirishani akimweleza dereva, dereva akishika kichwa, kisha wote wawili wakiinama kufungua mafundo.

Daktari aliwasha taa akaishusha mpaka usawa wa mgongo wa msichana. Mwanga ule hauna kivuli. Akanisogezea kigoda chake cha magurudumu, na mimi, mama mtu mzima mwenye wajukuu, nikawa nazunguka kulia na kushoto kwa kusukuma mguu, sindano mkononi. Alipoona nahangaika kushika kitambaa na kitanzi kwa wakati mmoja, aliosha mikono, akachukua koleo lake jembamba, akawa ananishikia kila kitanzi mahali pake. Mama wa bibi harusi alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na binti yake akaacha kupiga kwikwi.

Katikati ya kazi kengele ikalia. Dalali akawaingiza wateja wake, mtu na mkewe, vijana waliovaa vizuri. Walisimama mlangoni wakatazama: msichana wa Kiafrika katika nguo nyeupe mpaka sakafuni, daktari mzee ameinama nyuma yake na koleo, mimi kwenye kigoda, na mwanamume anaingia na mikono miwili iliyojaa utepe.

"Tulidhani nyumba bado inauzwa," mwanamke akasema. "Kumbe duka la maharusi limekwisha funguliwa?"

Daktari hakuinua kichwa. "Leo, ndiyo," akajibu.

Nilipokaza utepe na kufunga fundo la mwisho, msichana alikwenda kwenye kioo cha chumba cha kungojea. Akageuka, akatazama mgongo wake juu ya bega. Mistari ya utepe ilishuka ikipishana mpaka kiunoni, na mkia wake ukaning'inia juu ya sketi.

"Maman," akaniambia polepole, "hii ni muzuri kupita ile ya kwanza."

Mama yake akapiga vigelegele. Vilikuwa vigelegele vya kwao Katanga, vya kifua kipana, vilivyopanda ngazi mpaka juu na kurudi. Wale vijana walirudi nyuma. Daktari aliweka koleo mezani, akavua miwani yake, akaifuta.

"Miaka yote niliyofanya kazi humu," akasema, "sijapata kusikia mtu akipiga kelele kwa furaha."

"Papa docteur," mama akamwambia, akimshika mkono, "wewe uko mutu wa famille sasa. Unakuya na sisi. Vaa veste."

Nikamtafsiria. Alidhani ni maneno tu. Lakini mama yule alisimama pale pale kwenye ngazi akimngoja, na kilemba chake, mpaka mzee akapanda, akarudi amevaa koti jeusi na tai ambayo nadhani haikuwa imetoka kabatini tangu mazishi ya mkewe. Tulikwenda kwa miguu mpaka komini, sisi na yeye na dalali wa watu, ambaye alisema anatusindikiza tu na akabaki mpaka mwisho. Maharusi walipotoka wamekwisha kuwa mume na mke, tulirusha mchele. Daktari alirusha kwa uangalifu, punje kidogo kidogo, kama anayelisha ndege. Mume wangu akamjaza viganja vyote viwili. "Monsieur, huku kwetu hatubanii," akamwambia, na safari hii mzee akarusha kama inavyotakiwa.

Tulirudi Saint-Gilles kwa basi. Mume wangu alikuwa abiria siku hiyo, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukitembeatembea juu ya goti kana kwamba unatafuta gia.

"Umeona mwanga?" nikamwuliza.

"Nimeona."

"Basi tujaribu."

Kujaribu kulituchosha. Benki ya kwanza ilitutazama mimi na yeye, ikatazama umri wetu, ikatutakia siku njema. Niliporudi nyumbani nilishona bila kupumzika, na ufagio uligonga dari bila kupumzika vilevile. Dalali alitupigia kutuambia kwamba wale vijana waliovaa vizuri wako tayari, na kwamba wao hawahitaji kungoja benki yoyote. Nilimshukuru kwa kutuambia. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Baada ya siku chache akapiga tena. Sauti yake ilikuwa tofauti.

"Nimemwambia daktari anayo ofa nyingine na kwamba si vizuri kungoja. Anasema hana haraka. Anasema meno hayamwumi."

Katika benki ya pili tulipokewa na mwanamke aliyeuliza maswali mengine kabisa. Alitaka kujua wateja wangu wanatoka wapi, kama wanalipa, na kama chumba cha chini kina mlango wake. Nilimwambia kina mlango wake na kengele yake. Nilimwonyesha picha za nguo. Alizipitia moja moja, akafika kwenye ile ya mgongo wa utepe, akaikuza kwa vidole viwili.

"Hii uliifungaje?"

Nikamsimulia. Alicheka, akamwita mwenzake wa meza ya pili, nikasimulia tena. Sidai kwamba benki hutoa mkopo kwa sababu ya hadithi, lakini tulitoka pale tukiwa tumeambiwa ndiyo, na mume wangu alifungua mlango wa gari ambalo si letu kwa sababu hakuwa anaona vizuri kwa machozi.

Siku ya kutia saini kwa noteri, yule mwanasheria anayethibitisha mauzo ya nyumba, daktari alikuja na tai ile ile. Tulitia saini zetu. Kisha akatoa funguo mfukoni akaniwekea mkononi mafungu mawili. Akanieleza kwamba mlango wa kijani hukwama wakati wa mvua, niusukume kwa bega, na kwamba matufaha ya mti ule ni machachu lakini yanafaa kupikwa. Mume wangu akamkumbatia. Mzee alisimama kama nguzo ya taa mwanzoni, kisha akainua mikono naye akamkumbatia.

Jioni ya kwanza niliweka cherehani mbele ya dirisha, bila taulo, bila zulia, nikashona mshono mrefu kwa mwendo wa kasi. Nilipoacha, nilijikuta nimeinua bega kungoja ufagio. Palikuwa kimya. Juu, mume wangu alikuwa anakaanga samaki na anaimba vibaya. Nikashona mwingine.

Tangu hapo maharusi huingia kwa mlango mwembamba, na sisi huingia kwa ule wa kijani. Kwenye chumba cha kungojea wanakaa mashangazi, na kiti cha boliti tumekivika kitambaa chekundu, hapo ndipo wanapokaa wasichana kupakwa hina, wamelazwa kidogo, miguu imeinuliwa, kama malkia. Watu wa mtaani nao wamezoea. Mama mmoja wa Kiflemi, Mbelgiji wa wale wasemao Kiholanzi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliniletea mapazia nimpunguzie, akanywa chai ya maziwa na tangawizi, na sasa huja hata akiwa hana kitambaa.

Asubuhi ya kwanza niliyofungua rasmi, nilikuwa nimevaa vitenge vyangu vizuri, nimechoma ubani, nimesimama katikati ya chumba nikingoja mteja. Kengele ya mlango mwembamba ikalia. Nikafungua kwa tabasamu lote. Nje alikuwa mwanamume mnene wa makamo, ameshika shavu, jicho moja limefumba.

"Daktari yupo?" akauliza kwa shida. "Ni hili la nyuma. Sikulala."

Nilitaka kumweleza, lakini aliona kiti nyuma yangu, akanipita, akapanda, akalala na kufungua mdomo.

Nikamwita mume wangu. Alishuka na aproni ya jikoni, akatazama mgonjwa, akanitazama mimi. Alipanda tena juu, akarudi na karafuu mbili katika kisahani na glasi ya maji ya moto. Akamwonyesha namna ya kuuma karafuu kwa jino lenyewe na kuiacha pale. Tukamweleza taratibu kwamba daktari amehamia pwani, nasi tunashona nguo. Yule bwana alisikiliza, ametulia, karafuu mdomoni, akitazama magauni meupe yaliyotundikwa ukutani. Mume wangu akamtafutia kwenye simu daktari mwingine wa karibu, akamsindikiza mpaka kituoni na kumwambia apande basi lipi.

Wiki iliyofuata alirudi, shavu limepona, amebeba suruali tatu za kufupishwa.